Tafadhali Subiri, Video Inabadilishwa

...iende basi, iende, mbona imeganda, Kitinda aliiambia laptopu kimoyomoyo huku akikikodolea macho kile kimstari cha kijani kilichokuwa kikitambaa kwenye kioo, kimefika theluthi, kimetulia, chini yake maneno tafadhali usifunge ukurasa huu, video yako inabadilishwa, na pembeni tangazo la dawa ya kupunguza tumbo, mwanamke ameshika suruali pana anacheka peke yake, anacheka nini huyu, hapa hakuna cha kuchekesha, labda jioni, jioni ukumbini ndiko watu watacheka, au hawatacheka, watanyamaza, na huo ukimya ndio Kitinda alioutaka, ukimya wa ukumbi mzima ukimgeukia dada yake mkubwa, huyu huyu aliyekuwa nyuma yake sasa hivi anatembea kutoka dirishani hadi kwenye sofa na kurudi, karatasi mkononi, rola za nywele kichwani, akijifunza hotuba kwa sauti, "ndugu zangu, leo tunatimiza mwaka mmoja tangu mama yetu atutoke," anakohoa kidogo, anarudia, "tangu mama yetu mpendwa atutoke," sikia, ameongeza mpendwa, ongeza dada, ongeza na mengine, jaza karatasi yote, kadiri utakavyopanda juu ndivyo utakavyoanguka vizuri, na raha yenyewe ni kwamba laptopu hii ni ya mume wako, bando ni lako, meza ni yako, hata chai hii iliyopoa umeimimina wewe kwa mkono wako, utakaangwa kwa mafuta yako mwenyewe na hujui, "Kitinda, imefika wapi hiyo?" "Inaenda dada," "maana fundi wa ukumbi anataka vitu vyote kabla ya saa kumi," "anavipata," na sauti yake ikatoka laini, laini mno, yeye mwenyewe akashangaa jinsi chuki inavyoweza kuongea kwa adabu.

Fundi wa ukumbi alikuwa amemwambia kwenye simu, mwanaume mwenye sauti ya kuchoka, mashine yangu inasoma MP4 peke yake, ukiniletea hayo madude mengine nitawawashia ukuta mweupe na watu watautazama ukuta mpaka waondoke, naye Kitinda hakujua kama kuna madude mengine, kwake video ni video, ni fundi cherehani yeye, anajua pindo na vifungo, lakini alipoichomeka memori kadi ya simu ya mama akaona mafaili yote yameandikwa mwisho wake vitu visivyoeleweka, 3GP, simu ya zamani ile, na mtu akamwambia kuna tovuti za bure, unaipandisha faili, unachagua unataka iwe nini, unasubiri, inakurudishia, basi ndivyo alivyofanya tangu asubuhi, moja baada ya nyingine, kwa sababu dada alimpa kazi hiyo mbele ya ukoo mzima, "filamu ya mama aishughulikie Kitinda, yeye ndiye simu haimtoki mkononi," kana kwamba Kitinda hana kazi, kana kwamba zile nguo za wateja zinajishona, lakini hakubisha, nani anabishana na dada mkubwa mbele ya mjomba, akaichukua kadi, na wema wa dada ni huo mmoja tu katika mambo yote haya, kwamba alimpa kadi kwa mkono wake mwenyewe bila kujua kilichomo. Na kilichomo ni watu wamesimama. Mama, Mungu amrehemu, hakuwahi kupiga picha hata moja maishani mwake na alikufa hajui, alikuwa akibonyeza pa video, siku zote, "tulieni hapo, nawapiga," mnatulia, mnatabasamu, yeye anaishika simu kwa mikono miwili mbali na uso, anasubiri, anaona mnatikisika, anasema, "sasa mnacheza nini, picha itaharibika," mnaganda tena, mpaka mashavu yanauma, mwanzoni watu walimficha kwa kucheka, baadaye kwa kumpenda, ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile, mama akiinua simu kila mtu anakuwa sanamu, ndiyo maana kadi nzima imejaa watu wanaopepesa macho, mjomba akivuta tumbo ndani mpaka pumzi inamwishia na tumbo linarudi lenyewe, shemeji akinong'ona "bado tu?" bila kusogeza midomo, kuku anapita, jirani anapita, anaona hali, naye anasimama, na asubuhi ya leo dada alipoletewa zile za kwanza kuziangalia alicheka mpaka akafuta machozi, "jamani mama," alisema, "jamani mama yangu," na Kitinda akiwa ameketi pembeni yake alitamani kumwuliza mama yako yupi, yule uliyemwambia vile?

Kwa sababu mojawapo haikuwa na watu waliosimama. Aliiona juzi, peke yake, chumbani kwake, nyuzi bado zimemng'ang'ania kwenye sketi, aliifungua akidhani ni zile zile, akakiona chumba cha mama kwa upande, kitanda, dirisha, mwanga wa mchana, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai kwa sababu wakati ule mikono ya mama ilikuwa imeanza kutetemeka na alikuwa ameshapata maarifa yake, anaiegemeza, anaibonyeza, anamwambia mtu asimame pale, na sauti yake, ile sauti, "mwanangu umependeza, simama hapo nikupige," na dada anaingia kwenye kioo, ana mkoba begani, hajauvua hata mkoba, anakunja pua, "mama, ni nini hiki, umejichafua tena?", analivuta shuka lote kwa mkupuo mmoja, analitupa chini, "mimi sikusoma nije kufuta uchafu wa mtu mzima, huyo mwanao kipenzi kakimbilia wapi," na mama anasema amekwenda kuchukua dawa, anarudi sasa hivi, nisamehe mwanangu, nisamehe, na dada, kwa sauti hii hii inayofanya mazoezi hapa nyuma sasa, sauti ya mwalimu mkuu isiyoinuka wala kushuka, "si ungejifia tu, tukapumzika sote," kisha viatu vyake, ko, ko, ko, mlango, na mama amebaki. Dawa, siku ile Kitinda alikwenda kuchukua dawa, foleni ilikuwa imezunguka jengo, alikuwa amembembeleza dada tangu juzi yake, njoo ukae naye siku moja tu, dada, moja, na aliporudi jua limeshapinda alimkuta mama amelala vile alivyoachwa, baridi, shuka chini, na alipouliza dada yuko wapi mama akamwambia, "amepata dharura shuleni kwake, masikini, ameondoka sasa hivi tu, ulipokuwa unaingia getini," na akaongeza, ndiyo, akaongeza, "amenipa na chai," na Kitinda akaamini, mwaka mzima ameamini, aliwahi hata kumpelekea dada gauni la shukrani, alilishona kwa siku zake za kupumzika, la rangi ya zambarau, lenye pindo la mkono, limetundikwa pale mlangoni limepigwa pasi, ndilo atakalovaa jioni, ningelichana, ningelichana mshono mmoja mmoja akiwa amelivaa.

"...na mimi nikiwa mtoto wa kwanza nilijua wajibu wangu, niliacha yote, nikakaa kando ya kitanda chake," dada alikuwa amefika dirishani, akageuka, "Kitinda, hili neno nilimuuguza, liwe hapa mwanzo, au nilihifadhi mwisho?" na Kitinda bila kugeuza shingo akasema, "weka mwisho dada, linagusa zaidi," "eeh, ndivyo nilivyokuwa nafikiri," na kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi, naam, liweke mwisho, kwa sababu baada ya mwisho wako ipo yangu, alishaongea na fundi, hizi za watu waliosimama uzitangulize, watu wacheke walegee, halafu dada yangu atahutubia, akimaliza tu, kabla hawajamaliza kupiga makofi, unawasha hii moja ya mwisho, usiulize, ni mshangao wa familia, na fundi akasema mshangao sawa, ili mradi ni MP4, na tangu juzi Kitinda amekuwa akiiishi hiyo dakika, anaiona akiwa anachemsha maji, anaiona akiwa anatunga uzi, dada kwenye jukwaa na lile gauni, ukuta mzima nyuma yake ni yeye mwenyewe na mkoba wake begani, sauti yake ikitoka kwenye maspika makubwa, si ungejifia tu, walimu wa shule yake wako pale, wazazi wa wanafunzi, mjomba aliyesema kwenye mazishi kila mtu angejaliwa binti kama huyu, akimwonyesha dada, akimwonyesha dada kwa kidole, na Kitinda amesimama pale pale na beseni mkononi kwa sababu alikuwa akiwanawisha watu, leo atakula naye sahani moja, leo atajua, na asidhani Kitinda atamwonea huruma akilia, alie, alie mpaka hizo nywele zifumuke, huruma iliisha juzi pale chumbani saa ile ile, aliisikia ikiisha.

Kimstari kikasogea, kikaruka kabisa mpaka katikati, na juu yake, mahali palipokuwa na kisanduku kitupu cha kijivu, tovuti ikaweka picha ndogo, maana hawa watu wana mtindo wao, wakiwa wanaibadilisha video yako wanachomoa kipande kimoja popote wanakuwekea hapo ujue ndiyo yenyewe, na kipande walichochomoa hakikuwa dada. Alikuwa mama, shuka limeshavutwa. Kitinda akasogeza uso karibu, kidogo tu, picha yenyewe saizi ya stempu, halafu akaurudisha nyuma haraka, akainamisha kifuniko cha laptopu nusu dada asione, ujinga gani huu, ameitazama video hii mara ngapi, amekuwa akimtazama dada tu, mdomo wa dada, mkoba wa dada, hasira ilikuwa imemshika shingo ikamgeuzia upande mmoja, na wakati wote huo mama alikuwa pale, kila sekunde, miguu imekuwa miembamba, gauni la kulalia limepanda kiunoni, ule uchafu, na mkono mmoja unatafuta kitu cha kujifunika, haukipati, unarudi, unatafuta tena, na mkono wa pili, Mungu wangu, mkono wa pili uko kichwani unaweka sawa kitambaa, kwa sababu alijua simu inampiga. Mama ambaye hakutoka hata mlangoni kupokea maziwa bila kujifunga kitambaa, ambaye mwishoni kabisa alikuwa akimwambia Kitinda funga pazia kwanza, funga mlango kwanza, ndipo unioshe, hata kama ni paka geuza paka atazame kule, huyo ndiye nimwashie ukutani, ukubwa wa ukuta, mbele ya mjomba, mbele ya muuza maziwa mwenyewe, mbele ya akina mama wa kikundi chake waliomjua akinukia sabuni, na dada atakuwa amesimama pale amevaa, amevaa gauni zuri lenye pindo la mkono, amefunikwa mpaka miguuni.

Sawa, basi ikatwe, alijiambia, tovuti ina kitufe cha kukata, ile alama ya mkasi, unachagua ianzie wapi iishie wapi, akaanza kuipitisha kichwani, ianze dada anapoingia, hapana, neno lenyewe linakuja baada ya shuka, ianze baada ya shuka, hapo ndipo mama yuko wazi zaidi, basi ipunguzwe kingo, kuna hicho nacho, unaivuta mipaka unabakiza upande unaoutaka, abaki dada peke yake, lakini dada alikuwa ameinama, ameinama juu ya kitanda, kichwa chake na magoti ya mama viko mahali pamoja, ukimbakiza huyu umembakiza na yule, "...pumzi yake ya mwisho niliisikia mkononi mwangu," alisema dada kutoka kwenye sofa, na Kitinda akafumba macho, mkononi mwako wapi, wewe ulifika na gari saa nzima baada ya majirani, tulia, usijibu, fikiria, sauti, ndiyo, sauti, tovuti inaweza kubakiza sauti tu, kwenye ile orodha chini ya MP4 kuna MP3, unaondoa picha yote, ukuta unakuwa mweusi, watu wanabaki na masikio yao na hiyo sauti ya mwalimu mkuu, hiyo ni kali zaidi hata, gizani, akasikia furaha ikimpanda mwilini, ya kweli, ya joto, na kidole kikaenda mpaka kwenye kitufe cha kusitisha ili aanze upya, kikafika pale, kikasimama. Kwa sababu aliisikia. Hakuhitaji laptopu, ilikuwa kichwani mwake neno kwa neno, na kati ya neno la dada na neno la dada kulikuwa na lile jingine, nisamehe mwanangu, nisamehe, mama akimwomba radhi mtoto wake kwa kuumwa kwake, kwa sauti ndogo ambayo Kitinda hakuwahi kuisikia kwa mama akiwa hai, mama ambaye kwake yeye mpaka siku ya mwisho alikuwa akiamrisha, maji haya ya moto mno, unanisugua utadhani sufuria, hiyo sauti ndogo nani ana haki ya kuisikia, mjomba? fundi wa ukumbi? Ikatwe nayo, ukiikata hiyo dada anabaki anaongea peke yake na hakuna atakayejua alikuwa akimwambia nani. Hakuna namna. Ikunje, ikate, ibadilishe iwe unachotaka, humo ndani hamtoki dada bila mama kutoka naye, wameshikana, na hasira ikampanda upya lakini safari hii ikampandia mama, wewe mama wewe, hata sasa, hata baada ya kufa umemkalia mbele unamkinga, amenipa na chai, chai gani, ulikuwa na kiu, ulikunywa vikombe viwili nilipoingia, nilivihesabu bila kujua kwa nini ninavihesabu, na bado ukasema amenipa na chai.

Machozi yalimjia, akayarudisha, asilie, asimpe mtu sababu ya kuja kumshika bega na kumwambia pole mdogo wangu, na mimi ninamkumbuka pia, maana angesema hivyo, angesema na angemaanisha, hilo ndilo baya kuliko yote, Kitinda aliligundua sasa hivi huku kimstari kimeganda tena, kwamba huyu dada hadanganyi, hiyo karatasi ameiandika akiwa na machozi ya kweli, siku ile ameisahau au ameikunja akaifungia mahali, akaketi mwenyewe kwenye kile kiti kando ya kitanda, akaketi humo mwaka mzima mpaka kikawa chake, na ukumbi, ukumbi ungefanya nini, Kitinda akautazama ule ukumbi wake kwa mara ya kwanza bila kuupenda, dada angelia, angeanguka, wanawake wangemzunguka wakimpepea kwa kanga, mjomba angesema jamani kuuguza kunachosha, nani hajawahi kutamka neno kwa uchungu, na kabla ya watu kufika majumbani dada angekuwa mgonjwa wa kuhurumiwa na Kitinda angekuwa yule aliyemwonyesha mama yake uchi ukutani, na wangesema kweli. Hapana. Dada asipewe watu. Watu ndio watakaomwokoa. Apewe meza hii, laptopu ya mumewe, mlango umefungwa, wawili tu, atazame mpaka mwisho, mpaka baada ya viatu, pale ambapo yeye ameshaondoka na Kitinda bado yuko kwenye foleni ya dawa, hiyo sehemu ndefu ambayo hakuna anayeongea, mama anajaribu kulifikia shuka, halifikii, anajaribu, aitazame hiyo yote akiwa na rola kichwani, na ikiisha hakuna wa kumpepea, kuna saa tu ukutani inayokwenda saa kumi, na gauni mlangoni, na mjomba ameshawatangazia watu nani atahutubia, hawezi kutokwenda, atasema nini, ataumwa ghafla? Atakwenda. Atalivaa. Atasimama pale na karatasi yake na Kitinda atakuwa safu ya mbele kabisa, hatasema kitu, hatakunja uso, atamtazama tu, na lile neno nilimuuguza limewekwa mwisho, atalisoma kwa mdomo wake mwenyewe au atalimeza mbele ya watu, achague, na kila mwaka watakapokusanyika atalikuta pale pale linamsubiri. Hiyo ndiyo, hiyo ndiyo haswa, na mama atakuwa amefunikwa. Ikawa ajabu jinsi mapigo ya moyo yalivyotulia, mikono yake ikawa mikavu, ikawa imara, mikono ya kutunga sindano.

"Bado tu hiyo?" dada aliuliza. Kimstari kilikuwa pale pale, kimevuka nusu kidogo, yule mwanamke wa tangazo ameshika suruali yake. "Bado," alisema Kitinda, "lakini hii haiendi ukumbini dada, nitamwambia fundi asiingoje, vuta kiti ukae hapa tuitazame mimi na wewe," na dada akacheka kwa furaha ya kuchaguliwa, akaiweka karatasi kwenye mkono wa sofa, akavuta kiti mpaka kikagusana na cha mdogo wake, akavaa miwani, akaweka mkono begani mwa Kitinda na kuuacha hapo, mkono wenye joto, unaonukia mafuta ya nywele, "haya nionyeshe, ni ipi hiyo, mama anatupiga siku gani?" Kitinda akakiinua kifuniko cha laptopu taratibu, kiganja chake kikiwa kimeifunika ile picha ndogo.

"Siku ile nilipokwenda kuchukua dawa," alisema, na mkono wa dada ulikuwa bado uko begani, umekuwa mzito, hausogei.